Maswali na Majibu ya Ufundi wa Nyumbani: Mashine ya Kufulia na Maji ya Mombasa

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu mashine za kufulia, na karibu zote zina mshtakiwa mmoja: maji. Kuna maji ya kisima yenye chumvi, maji ya tangi yasiyo na presha, mchanga uliotuama ndani ya mabomba, na juu ya yote hewa ya bahari inayokula shaba na chuma. Kabla ya kumkubalia fundi anayesema bodi, yaani ule ubao wa umeme unaoongoza mashine, imeungua, soma kwanza.

Vifaa utakavyohitaji ni bisibisi ya nyota na ya bapa, plaizi, spana za boksi, multimita (kipimo cha umeme) ya bei nafuu, tochi, karai na matambara. Sharti moja halina msamaha: chomoa plagi kwenye soketi kabla ya kufungua kifuniko chochote. Kuzima kwa kitufe cha mashine hakutoshi.

Swali: Assalaam aleikum. Mashine yangu ya mlango wa mbele inafua na kusuuza, halafu inasimama maji yakiwa ndani. Mlango umejifunga na nguo za watoto zimo humo. Kioo kinaonyesha alama ya hitilafu. Fundi amesema ni bodi, na bei aliyotaja inakaribia mashine mpya. Nimwamini? – *Mama wa watoto watatu, Tudor*

Jibu: Waaleikum salaam, mama. Usitoe pesa ya bodi bado. Mashine ikijaribu kutoa maji kwa dakika kadhaa na yasitoke, hujisimamisha na kuandika alama yake: LG huandika OE, Samsung huandika 5E au 5C, Bosch huandika E18. Alama hizo husema tu kwamba maji hayakutoka. Hazisemi ni kwa nini, na bodi ndiyo ya mwisho kushukiwa.

Anza kwa masikio. Weka mashine kwenye hatua ya kukamua peke yake, usikilize chini upande wa mbele. Pampu ikivuma lakini maji hayatoki, kuna kitu kimeziba. Ikikwaruza, panga lake, ile feni ndogo inayosukuma maji, limenasa kitu kigumu. Ikiwa kimya kabisa, haipati umeme au imeungua.

Sasa chomoa plagi, na kama ulifua kwa maji moto, subiri yapoe. Kwenye kona ya chini mbele kuna kijilango. Ndani yake mna chujio la duara na, kwa mashine nyingi, kimpira chembamba chenye kizibo. Tanguliza kimpira hicho: kilaze kwenye karai utoe maji kidogo kidogo, maana mashine iliyosimama hivi yaweza kuwa na lita 10 hadi 20 tumboni. Yakiisha, zungusha chujio polepole kuelekea kushoto hadi litoke. Utakachokuta ni sarafu, vifungo vya kanzu, shanga, soksi ya mtoto mchanga, nyuzi za leso mpya zilizoshikana na sabuni, na pini za hijabu. Pini ndizo mbaya kuliko zote, kwa sababu hupenya tundu za dramu na kukwama kati ya panga la pampu na ukuta wake.

Mulika tochi ndani ya tundu uzungushe panga kwa kijiti. Linafaa kwenda kwa kusitasita, hatua kwa hatua, kwani ndani mna sumaku. Likikataa kabisa, tafuta uzi au nywele zilizojisokota nyuma yake. Likizunguka bwerere bila kusita hata kidogo, sumaku imeachana na panga na pampu ni ya kubadilishwa. Pampu hizi kwa kawaida ni za wati 30 hivi, volti 220 hadi 240. Ukichomoa waya zake mbili na kupima pini kwa multimita, nyingi husoma kati ya omu 100 na 200. Isiposoma kitu, koili imekatika. Ikisoma vizuri na bado ilikuwa kimya, tazama zile ncha za waya: hewa ya bahari huzigeuza kijani na umeme usipite. Zikwangue kwa msasa laini, zibane kidogo kwa plaizi, uzirudishe.

Usifunge kabla ya kutazama mpira wa kutolea maji. Mwisho wake uwe kati ya sentimita 60 na 100 kutoka sakafuni. Ukipandishwa zaidi, pampu hulemewa. Ukilazwa chini kuelekea tundu la bafu, kama wengi wanavyofanya, maji hutoka yenyewe huku mashine ikiendelea kujaza, na mwenye nyumba hudhani vali ya kuingizia maji imeharibika.

Haya yote yakiwa sawa na pampu bado haipokei umeme wakati wa kukamua, hapo bodi inaweza kuzungumzwa. Kipimo hicho hufanywa umeme ukiwa umewashwa, kwa hiyo mwachie fundi, ila apime mbele yako.

Swali: Nyumba yetu hutumia maji ya kisima. Mashine ina miaka minne. Ikifika kukamua hunguruma kama kinu cha kusaga mahindi, na kanzu nyeupe hutoka na madoa ya kahawia. Ni beringi? Na yafaa kutengenezwa au niiuze kwa wa vyuma vikuukuu? – *Mpangaji, Bamburi*

Jibu: Huenda ni beringi, zile pete za gololi zinazobeba shafti ya dramu, na huenda ni kitu kibaya zaidi ambacho mafundi wengi hawakitazami. Pima mwenyewe kwanza.

Chomoa plagi, fungua mlango, shika ukingo wa juu wa dramu uinue na kushusha. Dramu na tangi la nje zikienda pamoja juu ya springi zake, hakuna neno. Dramu ikicheza peke yake huku tangi limetulia, kuna kilicholegea. Kisha izungushe polepole kwa mkono na usikilize: beringi iliyokufa hukwaruza hata bila injini. Funua kifuniko cha nyuma. Ukiona michirizi ya kutu ikishuka kutoka katikati ya tangi, sili, ile pete ya mpira inayozuia maji, imeshindwa na maji ya chumvi yameingia kwenye beringi. Huko ndiko kutu hutoka, na baadhi ya madoa ya kanzu pia. Mengine huletwa na maji yenyewe: jaza ndoo nyeupe, uiache usiku kucha, uangalie kama kuna unga wa kahawia chini.

Kile kibaya zaidi ni kiunzi cha mikono mitatu kinachoshika dramu nyuma na kuiunganisha na shafti. Dramu ni ya chuma kisichoshika kutu, lakini kiunzi hicho katika mashine nyingi ni cha aluminiamu. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi, ile dhaifu huliwa, na hapa aluminiamu ndiyo dhaifu. Sabuni huongeza kasi, na utando wa sabuni na nyuzi unaoganda kwenye mikono hiyo huweka chumvi palepale hata mashine ikiwa imezimwa. Mkono mmoja hupasuka, kisha siku moja dramu hupiga tangi wakati wa kukamua. Kuvitofautisha, mwambie mtu azungushe dramu kwa mkono huku wewe ukitazama. Puli ya nyuma, lile gurudumu la mkanda, ikicheza juu chini, ni beringi. Puli ikizunguka sawasawa lakini ukingo wa mbele wa dramu ukiyumba, ni kiunzi.

Kazi ya beringi ni ya siku nzima kwa mara ya kwanza, na haihitaji miujiza. Piga picha kila waya kabla ya kuitoa. Ondoa mizigo ya zege, mpira wa mlango, hita, mkanda na injini, kisha toa tangi zima. Kama limefungwa kwa skrubu, lifungue mawili. Kama nusu zake zimeyeyushwa pamoja kiwandani bila skrubu, simama hapo: kulifungua ni kulikata kwa msumeno, na kulirudisha kwa gundi na skrubu lisivuje ni kazi tunayomshauri mtu asiianze bila uzoefu.

Beringi huwa mbili, ndogo upande wa puli na kubwa upande wa dramu. Zigonge kutoka upande wa pili kwa chuma cha duara, ukizunguka ukingo wote ili zisikae upande. Namba zake zimechongwa ubavuni. Za kawaida ni 6203 hadi 6206. Nunua zilizofunikwa pande zote mbili, na usinunue beringi bila sili mpya ya vipimo vilevile vilivyoandikwa kwenye ile kuukuu. Sili ndiyo iliyoanza kufa, na beringi mpya nyuma ya sili kuukuu haitakaa. Ziweke beringi mpya kwenye friza saa moja zinywee, safisha makao yake, uzigonge kwa ukingo wa nje tu. Anayegonga pete ya ndani huiharibu beringi kabla haijafanya kazi. Paka midomo ya sili grisi isiyooshwa na maji. Pitisha kidole pia kwenye shafti mahali sili inapokaa: ukihisi mfereji uliochimbika, sili mpya itavuja.

Yafaa kutengenezwa? Tangi likiwa la skrubu, kiunzi kikiwa kizima na shafti laini, ndiyo, tengeneza bila wasiwasi. Kiunzi kikiwa kimeliwa na tangi ni la kuyeyushwa, usitupe pesa.

Ukishatengeneza, au ukinunua nyingine, usiiache ilale na chumvi. Kisiwa cha Mombasa na pwani yote hadi kwenu kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, ndiyo maana maji ya visima huwa mazito kwa chokaa hata yasipokuwa ya chumvi. Fua kwa kisima ikibidi, lakini suuza mara ya mwisho kwa maji matamu. Mwite fundi bomba akufungie kiungo cha njia tatu chenye mifereji miwili, mmoja wa kisima na mmoja wa maji ya kaunti, ugeuze kabla ya suuzo la mwisho. Asiye na bomba la pili amimine mtungi mmoja wa lita 20 polepole kupitia kisanduku cha sabuni, kisha aweke suuza na kamua. Mlango uachwe wazi nguo zikitoka.

Kwa chokaa ya hita, weka gramu 100 za ndimu ya unga, ileile ya achari, kwenye dramu tupu, uendeshe kwa nyuzi 60 mara moja kila miezi mitatu. Usizidishe, kwa sababu tindikali nyingi hula aluminiamu. Wala usiichanganye kamwe na jiki: hutoa gesi ya klorini, nayo huua.

Swali: Mashine yangu ni ya tangi mbili. Upande wa kufua uko sawa, upande wa kukamua unavuma tu bila kuzunguka. – *Muuza vitenge, Majengo*

Jibu: Mashine hizi ndizo rahisi kuliko zote kutengeneza, dada, usikubali kuambiwa ununue mpya. Tazama kwanza kama kuna soksi au kamba ya suruali iliyoingia kati ya kikapu na tangi lake. Kisha, plagi ikiwa nje, fungua kifuniko cha nyuma uzungushe shafti ya kikapu kwa mkono huku kifuniko cha juu kimefungwa.

Kikiwa kizito, breki imebana. Kifuniko kinapofungwa, waya mwembamba huvuta breki iachie. Kwetu huku waya huo hushika kutu, hukatika au hukwama, breki ikabaki imeng'ang'ania na injini ikavuma hadi iungue. Hapo nyuma utauona karibu na swichi ya kifuniko cha juu. Waya mpya wa chuma kisichoshika kutu, uliokazwa hadi breki iachie kabisa, unamaliza kazi.

Kikizunguka chepesi lakini injini inavuma tu, shuku kapasita. Ni kopo dogo lenye waya, na huweza kuwa na umeme hata plagi ikiwa nje. Usiunganishe ncha zake kwa bisibisi. Ziguse kwa waya za balbu ya zamani ya nyuzi, wati 60 hadi 100, sekunde chache. Pima kwa multimita yenye alama ya faradi. Ikisoma pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 ya namba iliyoandikwa, ibadilishe. Maikrofaradi ziwe zilezile, na volti zisipungue zilizoandikwa, kwa kawaida 450. Angalia kama ina waya mbili au tatu: nyingi hubeba ya kufua na ya kukamua ndani ya kopo moja, kila moja na namba yake.

Na ukiona maji yakidondoka juu ya injini ya kukamua, ule mpira wa mikunjo unaozunguka shafti chini ya kikapu umechanika. Ubadilishe mapema, ni wa bei ndogo na injini si ya bei ndogo.

Swali: Mashine yachukua karibu saa nzima kujaza maji, kisha inalalamika. Tangi letu liko juu ya paa. Mferejini maji yatoka vizuri. – *Mwalimu, Likoni*

Jibu: Funga mfereji, fungua mpira nyuma ya mashine, uvute kwa plaizi kile kichujio kidogo cha wavu kilicho ndani ya mdomo wa vali. Mchanga wa matangi huishia hapo. Kioshe kwa mswaki, ukirudishe. Kamwe usiendeshe mashine bila hicho, punje moja ya mchanga ikiingia kwenye vali maji hayatafungika tena hata mashine ikiwa imezimwa.

Kama wavu ni safi, mwalimu, hesabu urefu. Tazama kibandiko cha mashine: nyingi hutaka presha ya angalau 0.03 hadi 0.05 MPa (megapaskali), ambayo ni maji yaliyo mita 3 hadi 5 juu ya mdomo wa vali. Mdomo huo uko karibu mita moja kutoka sakafuni. Tangi ambalo maji yake yako mita 3 juu ya sakafu hukupa mita 2 tu, yaani 0.02 MPa. Ndoo mferejini itajaa, lakini vali ya mashine haitafunguka sawasawa, kwa sababu inahitaji presha kuinua utando wake. Dawa ni kuinua tangi juu ya stendi, au kufunga pampu ndogo ya kuongeza presha inayojiwasha maji yakipita. Koili ya vali nayo yaweza kupimwa: nzima husoma omu 3,000 hadi 5,000 hivi.

Swali: Nikigusa mwili wa mashine nikiwa peku napigwa shoti ndogo. Ni mashine ya mtumba kutoka Ulaya, plagi yake ina pini mbili nene. – *Msomaji, Mji wa Kale*

Jibu: Usiiguse tena hadi uyatimize haya. Plagi hiyo ya duara hupata waya wa ardhi kupitia vibati vya ubavuni, na soketi zetu za pini tatu hazivigusi. Wanaofungua soketi kwa kalamu ili pini mbili ziingie wanaiacha mashine bila ardhi kabisa, na kichujio cha umeme kilicho ndani yake hupitisha umeme kidogo hadi kwenye bati. Kata plagi hiyo, funga ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 13: kahawia kwenye L, buluu kwenye N, kijani chenye manjano kwenye pini ndefu. Kisha, kabla ya kuichomeka, pima kati ya pini ndefu na skrubu ya mwili: isome chini ya omu 1.

Hapo hujamaliza. Chomoa waya za hita na upime kati ya kila ncha yake na mwili wake. Multimita isisome chochote. Ikisoma, hita imepasuka na inavujisha umeme majini. Kati ya ncha zenyewe, hita ya wati 2,000 husoma karibu omu 28.

Nyumba za zamani huenda zina soketi ya pini tatu lakini nyuma yake hakuna waya wa ardhi. Hilo likaguliwe na fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati nchini, na afunge swichi inayokata umeme ukivuja miliampea 30. Asiunganishe ardhi kwenye bomba la maji, wala kwenye waya wa N. Na waya wa ekstensheni wa bei rahisi uondoe: hita pekee hula zaidi ya ampea 8, nao huyeyuka.

Swali: Povu hutoka hadi kwenye kisanduku cha sabuni na nguo hazikamuki. – *Msomaji, Kongowea*

Jibu: Unatumia sabuni ya unga ya kufulia mkono. Povu lake huibana dramu isipate kasi na huidanganya ile sensa ya kiwango cha maji. Nunua iliyoandikwa ya mashine na ufuate kipimo cha pakiti. Kwa leo, endesha suuza na kamua bila sabuni hadi povu liishe.

Swali: Tumenunua mashine mpya, ikikamua inatembea hadi katikati ya chumba. – *Maharusi, Mikindani*

Jibu: Hongereni. Tazameni mgongo wa mashine: mkiona bolti tatu au nne ndefu zenye vishikio vya plastiki, ni za kushikilia dramu safarini na zilitakiwa kutolewa kabla ya kuiwasha. Zitoeni zote, zibeni tundu kwa vifuniko vilivyokuja ndani ya boksi, na bolti mzihifadhi kwa siku ya kuhama. Kisha rekebisheni miguu hadi mashine isitikisike mkiisukuma kona kwa kona, mkakaze nati ya kila mguu kuelekea juu.